Mwimbaji Alipotoweka Sikioni

Wahenga walinena kuwa mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Nami nilikuwa nimezoea visikizi vya bei rahisi, vile unavyonunua Jumatatu na kuvitupa Ijumaa. Siku niliyotia mkononi visikizi vya maana, nusura niviue.

Mpenzi msomaji, kaka yangu hupiga kinanda kwenye arusi. Visikizi vyake huziba tundu la sikio barabara, ili ajisikie mwenyewe hata ngoma zikivuma jukwaani. Aliweka akiba mwaka mzima ndipo akavinunua. Na pesa za kinanda ndizo hununua unga kwetu hapa Mowlem, na ndizo huongezea karo yangu.

Ijumaa moja ya likizo ya Agosti niliviazima bila kuomba, jambo ambalo Kiswahili sanifu huliita kwa jina jingine. Nilipomaliza niliukunja waya kwa nguvu kuizunguka simu, nikatia mfukoni. Jioni nilipovivaa tena, weh! Kinanda kilisikika, mwangwi ulisikika, lakini mwimbaji hayuko! Alikuwa ametoweka kama moshi. Kesho yake kaka alikuwa na arusi ya saa nane.

Asubuhi na mapema nilimkimbilia fundi wa redio wa mtaani, mzee mwenye kibanda.

"Shikamoo mzee. Visikizi vimekufa."

"Marahaba. Nani amekwambia vimekufa? Kijana wangu, mgonjwa hupimwa kwanza."

Basi aliyonifunza ndiyo nawapasha wanachama wenzangu.

Kwanza, usilaumu visikizi kabla ya kujaribu simu nyingine. Pengine tundu la simu limejaa vumbi la mfukoni tu.

Pili, visikizi vya bei kubwa aghalabu huwa na waya unaochomoka karibu na sikio. Sikio moja likinyamaza, chomoa pande zote mbili uzibadilishe: upande wa kushoto wa waya uingie kisikizi cha kulia, na wa kulia cha kushoto. Ukimya ukihamia kisikizi cha pili, mbovu ni waya. Ukibaki palepale, mbovu ni kisikizi chenyewe, au kimezibwa na nta ya sikio. Unaporudisha vile vipini viwili, chunga visigeuzwe upande mmoja, maana besi itadhoofika na muziki utasikika umetawanyika.

Tatu, sikiliza ugonjwa unavyosema. Sauti ikikwaruza unapogusa waya, tafuta mahali unapopinda au pini zilizolegea. Na mwimbaji akitoweka? Hapo mzee alicheka. Alinieleza kuwa kila sikio lina njia yake ya kupelekea sauti, lakini njia za kurudia hukutana kwenye plagi. Makutano hayo yakikatika, umeme wa sikio moja hulazimika kupitia sikio la pili. Yaliyo sawa kushoto na kulia huuana, na yaliyo tofauti ndiyo hubaki. Mwimbaji kwa kawaida huwekwa katikati, sawa pande zote. Kwa hivyo yeye ndiye hufa!

Mzee aliikata plagi pamoja na kipande kifupi cha waya, akaleta plagi mpya. Kabla ya kulehemu, alipima kwa mita kutoka kwenye pini za sikioni ili kujua uzi upi ni wa wapi, kwani rangi hudanganya. Nyuzi hizo ni nyembamba kama nywele na zimepakwa vanishi. Vanishi isipoondolewa kwa joto, lehemu haishiki ng'o. Uzi wa kushoto huenda kwenye ncha ya plagi, wa kulia kwenye pete, na nyuzi mbili za kurudia huungana kwenye shina.

Aliniachia nilehemu uzi wa mwisho. Mkono ulitetemeka, lakini ukashika. Kumbe nilikuwa nimesahau kuvisha kifuniko cha plagi kwanza! Ikabidi tufumue tuanze upya, na saa ilikuwa tayari saa tano na nusu.

Saa sita mita ililia palipotakiwa, ikanyamaza palipotakiwa. Nilivaa visikizi, mwimbaji akarudi. Niliishiwa na nauli yote ya wiki mbili, we acha tu.

Nyumbani nilimwambia kaka ukweli wote. Alivijaribu kimya, akavitia mkobani. "Kazi nzuri," akasema. "Siku nyingine uliza." Neno hilo liliniuma kuliko kofi.

Hivyo basi, wenzangu, kunja waya kwa mduara mlegevu. Chomoa kwa kushika plagi, si waya. Pangusa jasho, kwa kuwa chumvi hula shaba. Na kabla ya kutupa, pima. Jirani zetu wa Dandora wana jaa lililofunguliwa mwaka wa 1975 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka wa 2001, na hadi leo malori hayajaacha kumwaga. Hatuna haja ya kuliongezea vitu ambavyo vingepona kwa tone moja la lehemu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza: omba kabla ya kuazima.