Fahari isiyokula sakafu

Mafundi waliojenga nyumba za mawe za Lamu katika karne ya 18 hawakuweza kujenga vyumba vipana. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba: karibu mita 3, basi. Kabati lingeziba njia. Kwa hiyo vitu vikapandishwa ukutani, kwenye zidaka, zile safu za vishubaka vya chokaa vilivyopangwa sahani na mabakuli ya Kichina. Wenye nyumba nao walipenda kujionyesha, lakini fahari yao haikula sakafu.

Familia nyingi za Dar es Salaam leo zinaishi kwenye chumba na sebule. Nafasi ni finyu vilevile, ila sisi tunaijaza kuanzia chini: seti ya makochi, meza ya kioo, stuli nne, na kabati la vyombo kutoka kwa maseremala wa Keko. Ndani ya kabati mna glasi za wageni zinazotoka Idi au Krismasi. Sare za shule, madaftari, chaja na rimoti ya king'amuzi vinalala juu ya kochi. Kinachotumika kila siku hakina pake. Kinachosubiri mgeni ndicho chenye mlango na ufunguo. Hili silikubali. Sebule ni ya wanaoishi humo kwanza.

Glasi zihamie juu. Rafu iliyo usawa wa mkono wa mtoto apewe mwanafunzi, iwe yake, na asiwekewe kitu kingine hapo. Vyeti vya kuzaliwa, kadi za bima na mkataba wa pango vikae katika faili moja, na kila mtu mzima wa nyumba ajue lilipo, maana mgonjwa akizidiwa usiku hakuna muda wa kupekua mabegi.

Wengi tunalaza watoto sebuleni. Basi ukiagiza kochi, mwambie fundi, kabla hajakata mbao, aweke droo chini. Shuka na mito vitaingia humo asubuhi. Rafu ya ubao juu ya mlango nayo inabeba mengi. Mpangaji huogopa kutoboa ukuta, lakini wenye nyumba wengi hukubali wakiombwa mapema.

Kwa sisi wa pwani kuna unyevu. Kabati likigandamana na ukuta, masika yakija albamu za picha huota ukungu, na mchwa hula mgongo wa kabati bila kuonekana. Acha upenyo wa vidole vinne, na liinuliwe kidogo kutoka sakafuni. Upenyo huo usikuzuie kulifunga ukutani kwa vipande vya chuma na skrubu. Mtoto huvuta droo akazifanya ngazi, na kabati refu lenye televisheni juu yake linaweza kumwangukia. Lifungwe siku ileile linapoingia ndani, fundi akiwa bado yupo na vifaa vyake.