Kompyuta Kuukuu, Fedha Kidogo

Kompyuta nyingi za mezani zilizomo majumbani Afrika Mashariki hazikununuliwa mpya. Zilitumika kwanza katika ofisi za Ulaya, Marekani au Ghuba, zikaachwa baada ya miaka michache, kisha zikasafirishwa kwa makontena mpaka kwenye maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, au ya barabara ya Luthuli, Nairobi. Ndiyo maana majina yaleyale hukutwa kila mtaa: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine imara, zilizoundwa ili fundi azifungue bila taabu, na ubora huo ndio unaozifanya zistahili kutengenezwa badala ya kutupwa. Mfano mzuri ni OptiPlex 7010 iliyotoka mwaka 2012. Dell ililirudia jina hilo mwaka 2023 kwa mashine tofauti kabisa, hivyo anayetafuta spea ataje na mwaka.

Kompyuta ya umri huo ikiwa nzito, lawama huiangukia prosesa. Mara nyingi prosesa haina kosa, imekaa inasubiri. Kabla ya kutoa hata senti moja, inafaa kujua inasubiri nini. Kwenye Windows, vitufe vya Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa pamoja hufungua dirisha linaloonyesha prosesa, RAM na diski zinatumika kwa kiasi gani. Mashine iachwe ifanye kazi zake za kawaida huku dirisha hilo likitazamwa. Diski ikikaa kwenye asilimia 100 wakati prosesa iko kwenye 10 au 15, ugonjwa umeshajulikana. Watu wengi huiruka hatua hii kwa sababu haina gharama, nao ndio hao wanaorudi dukani mara ya pili.

Yapo pia matengenezo yasiyohitaji spea za gharama. Vumbi likiziba feni na chuma cha kupoozea, prosesa hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na katika miji ya pwani vumbi hilo hushikana na unyevu likawa tabaka gumu. Brashi laini na hewa ya pampu hutosha kulitoa, umeme ukiwa umechomolewa na feni ikishikiliwa kwa kidole isizunguke ovyo. Pesti, ile dawa ya kijivu inayopakwa kati ya prosesa na chuma cha kupoozea, hukauka baada ya miaka mingi na yafaa kupakwa upya. Kasoro nyingine huwatisha watu bure: saa ya kompyuta inarudi nyuma miaka kadhaa kila inapokatiwa umeme, na kivinjari kinagoma kufungua tovuti kikidai si salama. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe, na mashine inayodhani bado ni mwaka 2012 huviona batili. Tiba yake ni betri ndogo bapa ya CR2032, inayouzwa hata kwa mafundi saa.

Baada ya hapo, fedha ya kwanza iende kwenye diski. Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 7,200 kwa dakika, na mkono unaosogea kwenda mahali palipo na data. Kila safari huchukua milisekunde 10 hivi. Muda huo unaonekana mdogo, lakini kuwasha Windows au kufungua kivinjari huhitaji kusoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na mkono ule hufanya kazi kama karani mmoja anayetumwa masjala kuleta majalada moja baada ya jingine. SSD, diski ya kisasa, haina sahani wala mkono. Hufikia kipande chochote kwa takriban sehemu ya kumi ya milisekunde, au chini ya hapo. Matangazo hupenda kutaja kasi ya kusoma faili kubwa, yaani megabaiti 500 na zaidi kwa sekunde dhidi ya 100 hadi 150 za diski ya kuzunguka. Tofauti hiyo ni ya kweli, ila anachokihisi mtumiaji ni zile safari ndogondogo kutoweka. Mashine iliyokuwa ikichukua dakika mbili kuwaka huweza kuwa tayari katika nusu dakika.

OptiPlex ya 2012 haina nafasi ya SSD nyembamba za M.2 zinazochomekwa moja kwa moja kwenye bodi, kwa hiyo inayotakiwa ni SSD ya SATA ya inchi 2.5. Ukubwa wa gigabaiti 240 au 256 hutosha kwa mfumo endeshi, programu na nyaraka. Picha na video zinaweza kubaki kwenye diski ya zamani, ikiwekwa ndani ya kasha la USB. Kasha hilo liwe na adapta yake ya umeme, kwa maana diski ya inchi 3.5 haiwezi kuendeshwa kwa umeme wa tundu la USB peke yake. Kabla ya kuhamisha chochote, nakala ya faili muhimu iwekwe mahali pengine. Kusakinisha mfumo upya ni bora kuliko kunakili wa zamani pamoja na takataka zake zote, na leseni halali ya Windows iliyosajiliwa kwenye bodi hujitambua yenyewe baada ya diski kubadilishwa. Sokoni zimo pia SSD bandia, zinazojitangaza kuwa na terabaiti nyingi kwa bei ya kutupa huku ndani mna kadi ndogo ya kumbukumbu. Programu ya bure ya H2testw huijaza diski yote kisha huisoma tena. Diski ya uongo huumbuka hapo.

RAM hufuata. Gigabaiti 4 zilitosha enzi za Windows 7. Leo kivinjari chenye kurasa kumi hivi kinaweza kuzimaliza. Gigabaiti 8 ni kiwango cha heshima, na 16 ni anasa inayovumilika. OptiPlex hii ya 2012 hutumia DDR3, ambayo haiingiliani kamwe na DDR4: ina pini 240 badala ya 288, na hata mkato wake upo mahali pengine. Kwa kuwa kompyuta mpya haziihitaji tena, DDR3 iliyotumika hupatikana kwa bei nafuu. Muundo mdogo kabisa wa 7010 hutumia RAM za kompyuta mpakato, jambo linalowakwaza wanaonunua bila kuifungua mashine kwanza. Na Windows ya biti 32 haiwezi kunufaika na RAM inayozidi gigabaiti 4; hiyo ibadilishwe kabla ya kununua.

Prosesa inaweza kubadilishwa, lakini ndani ya soketi ileile tu, ya LGA 1155, ambayo ni ya Intel Core za kizazi cha pili na cha tatu. Kutoka i3 kwenda i5 kuna faida kwa anayehariri video. Kwa anayeandika barua na kusoma habari, fedha hiyo imepotea. Kadi ya picha kwa ajili ya michezo ina kikwazo chake: pawasaplai ya 7010 ya muundo mwembamba ni ya wati 240 tu, na umbo lake ni la pekee, hivyo si rahisi kupata kubwa zaidi ya kuiweka mahali pake.

Kigumu zaidi kiko kwenye mfumo endeshi. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ikiacha mpango wa mwaka mmoja wa masasisho ya usalama kwa wanaojiandikisha. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane na kuendelea, isipokuwa chache. Kompyuta ya 2012 haifiki, na hakuna spea ya kuifikisha. Zipo njia za kuukwepa ukaguzi huo, lakini Microsoft haitoi ahadi ya masasisho kwa mashine za namna hiyo.

Njia iliyo wazi ni Linux. Linux Mint, toleo la Xfce, hufanya kazi vizuri kwenye gigabaiti 4 za RAM, na inaweza kujaribiwa kutoka kwenye fleshi bila kugusa diski. LibreOffice hufungua nyaraka nyingi za Word na Excel. Ukoo wake una mguu Tanzania: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la OpenOffice, mwaka 2004, na LibreOffice ilichipuka kutoka kwenye OpenOffice mwaka 2010. Hata hivyo, anayetegemea Microsoft Office yenyewe au Photoshop hataridhika, na printa ijaribiwe mapema.

Kwa mtu huyo, hesabu hubadilika. Jumla ya spea ikikaribia bei ya mtumba wenye prosesa ya kizazi cha nane, ni heri kuuacha wa zamani. SSD ya SATA inaweza kuhamia kwenye mashine hiyo. RAM ya DDR3 na prosesa haziwezi. Ndiyo sababu nyingine ya kuanza na SSD.