Madirisha ya Python kwa Mfuko wa Nyalenda

Ukitafuta mtu wa kulipia programu ndogo ya kompyuta Nyalenda, mtaa wa Kisumu, anza na msimamizi wa laini ya maji. Kwa miaka mingi sasa kampuni ya maji ya Kisumu, KIWASCO, imekuwa ikiuza maji kwa jumla kwa watu na vikundi vya mtaa. Hao ndio huyasambaza hadi nyumbani na vibandani, wakasoma mita, wakakusanya pesa na kubaki na faida yao. Kijana anayejua Python anaweza kumtolea msimamizi kama huyo hesabu zake kwenye daftari, ila asimletee skrini nyeusi ya kuandikia amri. Mteja anataka dirisha lenye mahali pa kujaza namba ya mita, kitufe cha kuhifadhi na orodha ya wanaodaiwa. Madirisha hayo hutengenezwa kwa vifurushi vingi, karibu vyote hupakuliwa bila malipo, na bado gharama zake zinatofautiana sana.

Kilio cha kwanza huwa MB, basi tuanze hapo. Tuseme bando lako ni GB 1 kwa shilingi 99. Kila MB 100 itakugharimu kama shilingi kumi. Tkinter huja ndani ya Python yenyewe, na Python ya Windows ni faili ya MB 25 hadi 30, kwa hiyo Tkinter haikuongezei hata senti. wxPython kwa Windows ni MB ishirini hivi. PyQt6 ni kati ya MB 60 na 100 ukijumlisha vinavyoandamana nayo. PySide6 nzima hufika MB 200 au zaidi, lakini wengi hawajui kwamba inaweza kukatwa: andika pip install PySide6-Essentials (pip ndiyo kipakuzi cha vifurushi vya Python), utapata vitufe, majedwali na fomu zote kwa chini ya MB 100. Sehemu unayoiacha ina mambo kama chati na michoro ya pande tatu, na bili ya maji haina haja nayo.

Shilingi ishirini, basi, kwa kifurushi kizito kuliko vyote. Kinachouma ni kurudia. Mtandao ukikatika ukiwa umefika MB 150, pip ya matoleo ya zamani mara nyingi huanza upya kabisa, na bando la saa moja halikungojei. Tena ukikimbilia toleo la Python lililotoka juzi, huenda kifurushi hakijatengenezewa toleo hilo. Hapo pip huchukua msimbo ghafi na kujaribu kuujenga kwenye mashine yako, ambayo huenda haina zana za kazi hiyo. Utaliwa MB na saa nzima, mwisho upate maandishi mekundu. Ongeza --only-binary :all: kwenye amri yako, ili ikikosa kifurushi kilicho tayari ikuambie mapema. Watumiaji wa Ubuntu wawe macho zaidi kwa wxPython, kwa sababu huko pip kwa kawaida huangukia kwenye ujenzi huo. Ni rahisi kuchukua ile ya apt, kipakuzi cha Ubuntu chenyewe: python3-wxgtk4.0.

Kwenye Ubuntu pia Tkinter hutenganishwa na Python, na anayeandika pip install tkinter anajisumbua bure. Dawa ni sudo apt install python3-tk, MB chache tu. Popote ulipo, python -m tkinter (kwenye Ubuntu andika python3) ikifungua kijidirisha chenye namba ya toleo, uko tayari. Ikikataa kwenye Windows, rudia kisakinishi cha Python uone kama alama ya tcl/tk iliondolewa.

Mashine ndiyo gharama inayofuata, na hii haihesabiwi kwa shilingi ishirini. Laptopu nyingi mtaani ni za mtumba, na kompyuta ya mteja mara nyingi ni ya zamani kuliko yako. Qt 6, ambayo ndiyo injini ya PyQt6 na PySide6, inadai Windows 10 au 11, na vifurushi vyake vya Python kwa Windows havitengenezwi kwa biti 32. Mteja akiwa na Windows 7, Python ya mwisho kumkubali ni 3.8, hapo utarudi kwa PyQt5 au kwa Tkinter. Muulize kabla hujaandika mstari wa kwanza, kwa sababu kumbadilishia kompyuta kutakula malipo yako yote. PyInstaller nayo, inayogeuza kazi yako kuwa programu ya kubofya, hutoa programu ya mfumo uleule ilikoendeshwa. Ukijenga kwenye Ubuntu hutapata programu ya Windows.

Leseni ndiyo inayoweza kukufilisi, na ndiyo watu huiruka wakisoma. PyQt hutengenezwa na Riverbank Computing ya Uingereza, na inatolewa kwa njia mbili: GPL, au leseni ya biashara inayolipiwa. Ukimpa mteja programu ya PyQt chini ya GPL, unapaswa kumpa na msimbo wake, naye ana haki ya kuunakili na kuugawa. Kwa mwanafunzi si kitu. Kwa anayetaka kuuza programu ileile kwa wasimamizi kumi bila kufungua msimbo, ni shida kubwa. Nokia iligonga mwamba huohuo: ilipokuwa na Qt ilitaka leseni ya LGPL kwa watumiaji wa Python, haikuelewana na Riverbank, na mwaka 2009 ikatoa PySide. Kwa PySide unaweza kuuza programu yako ikiwa imefungwa, mradi utimize masharti ya LGPL, likiwemo la mtumiaji kuweza kubadilisha maktaba za Qt. Ndiyo maana ni salama zaidi kutumia PyInstaller kwa njia ya folda, si faili moja. Amri za PySide zinafanana na za PyQt karibu neno kwa neno, kwa hiyo sioni sababu ya mtu wa biashara ndogo kuanza na PyQt6.

Tkinter, wxPython na Kivy, kifurushi kingine cha madirisha, hazina masharti ya namna hiyo. Tahadhari moja: PySimpleGUI, iliyopendwa sana na wanaoanza, ilikuwa bure kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 2024 toleo la 5 likaanza kudai leseni ya kulipia kwa matumizi ya biashara. Mafunzo mengi ya video bado yanaifundisha kama zamani.

Mimi ningeanza na Tkinter. Sura yake ni ya kizamani, hilo halifichiki. CustomTkinter huinyoosha kwa chini ya MB moja. Mteja akitaka majedwali makubwa na uchapishaji mzuri wa risiti, nihamie PySide6-Essentials na kumtoza zaidi.

Mkiwa kikundi, mmoja apakue kwa niaba ya wote. Amri ya pip download PySide6-Essentials -d mzigo hujaza folda inayoitwa mzigo. Inakiliwa kwenye fleshi, na wengine wanaandika pip install --no-index --find-links mzigo PySide6-Essentials bila mtandao wowote. Sharti ni kwamba mfumo wa kompyuta ulingane, na ni salama zaidi toleo la Python nalo lilingane. Saiba ikiwa na Python hiyohiyo nayo inatosha kupakulia, mradi mwenyewe akubali fleshi yako.

Na msomaji mita anayetembea kutoka Pandpieri hadi Dunga akiwa na simu tu? Kivy inafaa, ina leseni ya MIT, na kuiweka kwenye kompyuta ni kazi nyepesi. Kuitoa kama programu ya Android ni hadithi nyingine: Buildozer, zana ya kazi hiyo, inataka Linux au macOS, na mara ya kwanza huvuta zana za Android zinazopita GB 1. Ifanyie chuoni au ofisini kwa rafiki ng'ambo ya Ring Road, kwenye waifai isiyokatika, na ukimaliza usifute folda iliyofichwa ya .buildozer, maana ndimo ilimo hiyo GB yote.