Injini Imekufa Baada ya Sevisi? Usimeze Stori ya Fundi Haraka
Umetoa gari gereji Jumamosi. Jumatatu, katikati ya Thika Road, taa nyekundu ya oili inawaka, injini inagonga, halafu kimya. Fundi anakwambia, “Bosi, injini ilikuwa imezeeka, tafuta ingine.” Ngoja kwanza.

Yalinipata na Vitz niliyokuwa nafanyia teksi. Kabla ya kuirudisha, niliita fundi mwingine. Kijiti cha oili kilitoka kikavu. Chini, oili ilikuwa imetapakaa kandokando ya filta. Kuifungua, kumbe mipira ni miwili! Ule wa filta ya zamani ulibaki umegandia injini, wakafunga mpya juu yake. Presha ilipopanda, oili ikapenya hapo ikamwagika yote.

Kwa hivyo anza na kilichoguswa mwisho. Oili imeisha? Kagua filta na nati ya kumwagia oili. Ina rangi ya chai ya maziwa? Maji yameingia, shuku gasketi ya hedi. Piga picha kabla ya chochote kufunguliwa, na utunze risiti.

Picha zangu zilifanya gereji ilipe nusu ya injini. Nusu ingine ni mimi: niliona taa, bado nikaendesha hadi stejini. Wewe ukiiona, egesha kando, zima.