Jiko linavyokula mtaji wa mfanyabiashara mdogo
Anayenunua kidogo kidogo hulipa zaidi. Hesabu za msimu, mzani na mkaa zaonyesha njia ya kula vizuri kwa fedha kidogo

WAFANYABIASHARA wengi wadogo hulalamika kuwa biashara "haikai". Mauzo yapo, wateja wapo, lakini mwisho wa mwezi mtaji umepungua. Lawama hupewa kodi, pango na ushindani. Mara chache mtu huangalia jikoni kwake, ingawa huko ndiko sehemu kubwa ya faida inakoishia.

Mtaalamu wa takwimu wa Kijerumani, Ernst Engel, alieleza jambo hili mwaka 1857: kadiri kipato cha kaya kilivyo kidogo, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya kipato hicho inavyokwenda kwenye chakula. Kwa hiyo kaya ya kipato cha chini ikipunguza gharama ya chakula kwa sehemu ndogo tu, nafuu yake huonekana haraka kuliko kupunguza matumizi mengine yoyote.

Tatizo ni namna ya kupunguza. Kaya nyingi bei zikipanda hukata mboga, maharage na dagaa, na kubakiza ugali na chai ya sukari. Tumbo hujaa lakini mwili haujengeki. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Utafiti kama huo wa mwaka 2015/16 ulikuwa umeonyesha asilimia 34. Unafuu unaopatikana kwa kumnyima mtoto chakula cha kujenga mwili ni deni litakalolipwa baadaye, tena na riba.

Ipo njia nyingine: kununua chakula cha nyumbani kwa akili ile ile anayotumia mfanyabiashara kununua bidhaa za duka.

BEI YA KUPIMA

Mafuta ya kupima, unga wa kupima na sukari ya kupima ndivyo vinavyolisha mitaa ya miji yetu. Mlaji hulipa fedha ndogo kila siku, na mwenye duka hupata faida kubwa kwa kila kilo au lita. Hakuna wizi hapo. Mwenye duka anauza huduma ya kugawanya mzigo, na huduma ina bei yake. Swali ni kama mlaji anajua analipa kiasi gani.

Chukua bei za mfano. Duka linauza mafuta ya kupima ya mililita 100 kwa sh. 500, na chupa ya lita moja kwa sh. 4,000. Kaya inayotumia mililita 100 kwa siku italipa sh. 5,000 kwa siku kumi ikinunua ya kupima, na sh. 4,000 ikinunua chupa. Tofauti ni sh. 1,000. Ukiitazama kama mwekezaji, fedha ya sh. 4,000 imeokoa asilimia 25 ndani ya siku kumi. Hakuna akaunti ya akiba wala hati fungani inayolipa kiasi hicho.

Mwenye kipato cha kila siku atasema hana sh. 4,000 kwa mkupuo. Ndiyo maana inafaa kuanza na bidhaa moja tu. Sh. 1,000 iliyookolewa katika siku kumi za kwanza huwekwa kando. Baada ya siku arobaini imefika sh. 4,000, yaani imezaa chupa ya pili au mwanzo wa kununua sukari kwa kilo badala ya robo. Baadhi ya majirani hufanya vizuri zaidi: hutumia upatu kununua dumu la lita 20 au gunia zima na kugawana kwa mzani.

Ipo hatari moja ambayo akina mama wa nyumbani wanaijua: kitu kikiwapo kwa wingi, hutumika kwa wingi. Chupa ya lita moja inaweza kuisha kwa siku sita, na faida yote ikapotea. Dawa yake ni kumimina matumizi ya siku chache katika chombo kidogo na kufungia kilichobaki.

MZANI KWANZA

Mlaji akinunua kwa fungu, kisado au debe ananunua ujazo, hanunui uzito. Debe la lita 20 la mahindi makavu lina kilo 18 hivi, lakini debe lililobonyezwa kitako au kujazwa mahindi yenye unyevu ni habari nyingine. Upande wa pili wa kipimo kibovu ni rumbesa, ambayo humpunja mkulima na imepigwa marufuku. Hata hivyo rumbesa haimfanyi mlaji wa mjini anunue kwa bei nafuu, kwa sababu ziada ile hubaki kwa watu wa katikati.

Mnunuzi wa jumla aliyezoea masoko kama Tandale kwa nafaka au Mabibo kwa ndizi na matunda haulizi bei ya gunia peke yake. Huuliza gunia lina kilo ngapi, kisha hugawanya. Mlaji naye afanye hivyo kwa kila kitu, pamoja na dagaa. Dagaa walioanikwa juu ya mchanga huuzwa pamoja na mchanga wao, na waliokaushwa kwenye vichanja, hata wakiwa na bei ya juu kidogo, mara nyingi ndio wa bei nafuu.

GHALA LA NYUMBANI

Mahindi ya nyanda za juu kusini, yaani Mbeya, Iringa, Ruvuma, Rukwa na jirani zake, huanza kuvunwa katikati ya mwaka. Kwa kawaida bei hushuka kati ya Juni na Septemba, kisha hupanda na kufikia kilele katika miezi ya Desemba hadi Machi. Maharage na mpunga navyo vina msimu wao, nao kwa sehemu kubwa huangukia miezi hiyo hiyo ya katikati ya mwaka.

Kwa bahati mbaya Januari, mwezi ambao nafaka huwa ghali, ndio mwezi wa ada na sare za shule, na kwa wapangaji wengi kodi ya miezi sita. Kaya isiyo na akiba ya chakula hukutwa na mambo yote kwa pamoja.

Tuseme mahindi ni sh. 600 kwa kilo mwezi Julai na wastani wa sh. 900 kuanzia Novemba hadi Machi. Kaya ya watu sita inayotumia kilo mbili kwa siku itahitaji kilo 300 kwa miezi hiyo mitano. Magunia matatu ya Julai ni sh. 180,000. Ongeza sh. 15,000 za mifuko mizuri ya kuhifadhia, jumla sh. 195,000. Mahindi hayo hayo msimu wa njaa yangegharimu sh. 270,000. Nafuu ni sh. 75,000.

Hesabu hii ina masharti mawili. La kwanza ni fedha isiwe ya mkopo wa mtaani. Anayekopa sh. 195,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi hudaiwa riba ya sh. 78,000 kufikia Novemba, kabla hajafungua gunia la kwanza. Nafuu yote imekwenda, na bado anaendelea kudaiwa.

Sharti la pili ni wadudu. Dumuzi, ambaye wakulima wengi humwita skania, alibainika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 na ameenea sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Gunia la kawaida halimzuii. Mifuko isiyopitisha hewa, kama ile ya PICS iliyobuniwa na Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, ina tabaka mbili za plastiki ndani ya mfuko uliofumwa. Ikifungwa vizuri wadudu hukosa hewa na kufa bila dawa. Lakini mahindi lazima yawe makavu kabisa. Yenye unyevu huota ukungu na kuleta sumukuvu, sumu ambayo haiishi kwa kupika. Sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na mwaka 2004 iliua watu zaidi ya 100 mashariki mwa Kenya. Punje zilizovunda zisiliwe, wala zisipewe kuku.

Je, bei isipopanda? Hutokea. Baada ya Serikali kuzuia kuuza mahindi nje mwaka 2017 bei zilianguka, na walioweka mahindi wakisubiri bei walipata hasara. Machi 2021 Kenya nayo ilizuia kwa siku chache mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Hapo ndipo aliyeweka chakula anapotofautiana na aliyeweka bidhaa. Mfanyabiashara bei ikianguka amepoteza fedha. Kaya bei ikianguka imekosa nafuu tu, lakini ugali wake upo.

SEMBE AU DONA

Mahindi yakikobolewa ili kupata sembe nyeupe, robo ya uzito au zaidi huweza kuondoka kama pumba. Kinachoondoka si takataka. Ni ganda na kiini, penye mafuta, vitamini na madini. Mlaji hulipa kukoboa na kusaga, kisha huacha sehemu bora mashineni.

Dona huokoa uzito huo na hushibisha zaidi. Kasoro yake ni kwamba mafuta ya kiini huufanya unga uchache mapema, hivyo usagwe wa wiki mbili hivi, si wa miezi miwili. Kwa mwenye gunia nyumbani hilo si tatizo. Kwa familia yenye kuku, kukoboa debe moja na kulisha kuku pumba ni uamuzi unaoeleweka, mradi mayai yarudi mezani kwa watoto.

PROTINI KWA SHILINGI

Mlaji wengi hulinganisha kilo ya nyama na kilo ya maharage kwa bei tu. Kinachofaa kulinganishwa ni bei ya kile kinachojenga mwili. Kilo ya nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa ina gramu 200 hivi za protini. Maharage makavu yana takriban 220, karanga 250, na dagaa wakavu zaidi ya 500.

Kwa bei za mfano za sh. 10,000 kwa nyama, sh. 3,000 kwa maharage na sh. 12,000 kwa dagaa, gramu moja ya protini ya nyama ni sh. 50, ya dagaa si zaidi ya sh. 24, na ya maharage haifiki sh. 14. Dagaa wanaoonekana ghali kwa kilo wana bei isiyofika nusu ya nyama kwa kazi ile ile. Tena wakiliwa wazima na mifupa huleta kalsiamu.

Hii haimaanishi nyama iachwe. Protini ya nyama hutumika vizuri zaidi mwilini, na damu inahitaji madini yake ya chuma. Lakini ugali na maharage vikiliwa pamoja hukamilishana, kwani upungufu wa kimoja huzibwa na kingine. Nyama mara moja kwa wiki, dagaa mara mbili tatu, maharage au kunde siku nyingine, pamoja na mchicha au matembele yenye mafuta kidogo kila siku, ni mlo ambao haumwonei mtu.

Penye kukata ni sukari. Haina protini wala vitamini, na bei yake hutikisika. Mwanzoni mwa mwaka 2024 iliadimika hadi Serikali ikatangaza bei kikomo. Kaya iliyopunguza vijiko ilisikia habari hizo kwa utulivu.

MKAA NAO NI CHAKULA

Maharage ya bei nafuu yanaweza kuwa ghali yakifika jikoni. Makavu yasiyolowekwa hukaa motoni saa mbili au tatu. Yakilowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa na sufuria ikafunikwa, muda hupungua sana na mkaa pia. Mkaa nao hununuliwa kwa kopo kila siku wakati gunia ni nafuu, na hesabu yake ni ile ile ya mafuta. Jiko lenye udongo ndani hutunza joto kuliko la bati tupu.

DUKA NA JIKO

Kwa wenye maduka na magenge lipo jambo moja la mwisho. Kilo ya sukari inayochukuliwa dukani kwenda nyumbani bila kuandikwa ni mauzo yasiyolipwa. Ikichukuliwa kilo moja kila siku tatu, mwezi mmoja umemeza kilo kumi, na mwenye duka atashangaa fedha za kununulia mfuko mwingine zimekwenda wapi. Kinachochukuliwa kiandikwe kwenye daftari kwa bei ya kununulia na kilipwe kutoka posho ya nyumbani, iliyopangwa kabla.

Vivyo hivyo mtaji wa duka usigeuzwe magunia ya nyumbani. Mwenye bidhaa inayozunguka kila wiki mbili huweza kupata zaidi dukani kuliko kwenye mahindi ya miezi minane. Fedha ya ghala la nyumbani itoke kwenye faida, kidogo kidogo kuanzia Januari, ili Julai mahindi yanaposhuka iwe tayari mkononi. Asiyeweza magunia matatu aanze na moja, na aliweke kwa ajili ya Januari. Gunia moja ni siku hamsini za ugali, zinazotosha kuuvuka mwezi wa ada bila kugusa mtaji.