Imihigo na tathmini: Mfanyakazi wa Rusizi apimwe kwa lipi?

Mwezi Oktoba 2020, matokeo ya imihigo ya mwaka wa fedha 2019/2020 yalipotangazwa, Wilaya ya Rusizi ilishika nafasi ya mwisho miongoni mwa wilaya 30 za Rwanda, ilhali Nyaruguru iliongoza. Nafasi hiyo ilibeba kazi ya watu wengi, kuanzia meya hadi mtumishi wa seli. Kwa hiyo yafaa kila mfanyakazi afahamu namna anavyopimwa.

Imihigo ni neno la Kinyarwanda lenye maana ya ahadi zinazotolewa hadharani. Zamani shujaa alitaja mbele ya wenzake tendo atakalolifanya, naye alitarajiwa kulitimiza. Mwaka 2006 utamaduni huo uligeuzwa kuwa mkataba wa utendaji. Meya husaini mbele ya Rais wa Jamhuri, nao watumishi walio chini yake huchukua sehemu zao za ahadi hiyo. Tathmini ya wilaya imekuwa ikikabidhiwa chombo cha nje, ikiwemo Taasisi ya Taifa ya Takwimu (NISR), ili wilaya isijipe alama yenyewe.

Uzito wa mkataba huo hutegemea maneno yaliyoandikwa ndani yake. Tuchukue mfano wa afisa kilimo katika bonde la Bugarama, panapolimwa mpunga. Akiandikiwa "kuhamasisha wakulima", hakuna atakayeweza kuthibitisha kwamba amefanikiwa au ameshindwa, na alama yake itategemea hisia za mkuu wake. Akiandikiwa idadi ya wakulima atakaowafikia, na tarehe ya mwisho kabla ya msimu kuanza, yeye na mkuu wake wanasoma kipimo kimoja.

Jambo la pili ni wakati. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kumalizika Juni 30. Iwapo mbolea imechelewa mwezi Septemba, afisa huyo anapaswa kulieleza kwa maandishi mwezi huohuo, naye mkuu wake anapaswa kulitafutia ufumbuzi. Udhaifu unaotajwa kwa mara ya kwanza mwezi Juni hauwezi tena kurekebishwa. Hapo tathmini hugeuka kuwa hukumu.

Kwa wale walioajiriwa katika maduka, hoteli na viwanda vya Kamembe na kwingineko, ipo Sheria ya Kazi Na. 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018. Sheria hiyo inaweka kipindi cha majaribio kisichozidi miezi mitatu. Mwajiri akitaka kumwongezea mfanyakazi kipindi kingine, kisichozidi miezi mitatu pia, ni lazima kwanza amfanyie tathmini na kumjulisha matokeo yake kwa maandishi. Neno la mdomo halitoshi.

Pakitokea mzozo, hatua ya kwanza ni kutafuta suluhu kazini kupitia wawakilishi wa wafanyakazi. Isipopatikana, shauri hupelekwa kwa mkaguzi wa kazi wa eneo husika kabla ya kufikishwa mahakamani.

Basi mfanyakazi na aombe nakala ya malengo yake mwanzoni mwa mwaka, atunze ushahidi wa kazi aliyoifanya, na asisaini tathmini asiyoisoma. Naye mwajiri akumbuke kwamba ahadi isiyo na kipimo haimfungi yeyote, hata yeye mwenyewe.