Kivu Kusini: Tablo ikisema freni zimepata moto kupita kiasi, shofa afanye nini?

Kati ya Nyangezi na Kamanyola, barabara ya kitaifa namba 5 inashuka katika mteremko wa Ngomo. Upande mmoja ni ukuta wa mlima, upande wa pili ni bonde. Lori linalotoka Bukavu kwenda Uvira linaingia pale likiwa na magunia, bidoni, na mara nyingi watu waliokaa juu ya mzigo. Baada ya kona kadhaa, harufu ya kitu kinachoungua inaingia ndani ya kabini. Katika gari la zamani, harufu hiyo ndiyo alama peke yake. Katika gari la miaka ya karibuni, taa inawaka pia kwenye tablo, kengele inalia, na ordinatere ya gari inaandika kode: freni zimepata moto kupita kiasi.

Kwa shofa, huo ni wakati wa kuamua haraka. Je, ni taa tu inayosumbua, kama nyingine nyingi zinazowaka katika magari ya okazio? Au gari linamwambia kwamba kona mbili mbele hatakuwa tena na freni?

Swali hili linazidi kuwa la kila siku kwa mashofa na mafundi wa mashariki mwa Congo. Magari yanayoingia sasa kutoka Japani na Ulaya, hata yale yaliyokwisha kutumika miaka mingi, yanakuja na ordinatere ndani. Fundi aliyejifunza kazi kwa sikio na kwa mkono analazimika kujua pia kusoma kile valizi inachoonyesha.

Moto unatoka wapi?

Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi. Tofauti ni karibu mita 700, na sehemu kubwa ya kimo hicho gari linaipoteza kwa kilomita chache, pale Ngomo. Hali ni hiyo hiyo kwenye barabara ya kitaifa namba 2, pale gari linapotoka Kanyabayonga na kushuka kwenye bonde la Rwindi.

Kitu kizito kinaposhuka, nguvu yake haipotei hivi hivi. Inabadilika kuwa mwendo au kuwa joto. Lori la tani 30 likishuka mita 500 bila kuongeza mwendo, joto linalotoka linatosha kuchemsha maji baridi ya mapipa 2 ya lita 200. Upepo, mipira na motere vinachukua sehemu ya joto hilo. Kama shofa ameondoa vitesi ili kuponesha mazutu, motere haisaidii tena, na karibu mzigo wote unabaki kwa freni.

Uzito ukiongezeka mara mbili, joto nalo linaongezeka mara mbili. Mwendo ni mbaya zaidi: gari linalokimbia mara mbili linahitaji kutoa joto mara nne ili lisimame. Ndiyo maana lori lililopakiwa kupita kiasi na linaloshuka kwa haraka linaweza kumaliza freni zake kabla ya kufika chini, hata kama zilikuwa nzima asubuhi.

Freni ikipata joto la mamia ya digrii, mambo matatu yanaweza kutokea. Kwanza, kitambaa cha freni kinapoteza ukali wake, kinateleza badala ya kushika. Pili, katika freni za ngoma, chuma cha ngoma kinapanuka na kujitenga na kitambaa, hivi kwamba lazima kusukuma zaidi ili kupata nguvu ile ile. Tatu, katika magari yanayotumia mafuta ya freni, mafuta yenyewe yanaweza kuchemka. Mvuke unaingia ndani ya mipira, na pedali inashuka mpaka chini bila kitu kushika.

Mafuta ya freni yana tabia ya kunyonya maji kutoka hewani. Yale yanayoandikwa DOT 3, yakiwa mapya, hayachemki chini ya digrii 205. Yakiisha kunyonya maji, kiwango kinachodaiwa kinashuka hadi digrii 140. Kwa DOT 4 ni digrii 230 yakiwa mapya na 155 yakiwa yamenyonya maji. Watengenezaji wengi wanaomba yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi. Gari ambalo mafuta yake hayajabadilishwa tangu lishuke bandarini liko karibu zaidi na hatari kuliko shofa anavyodhani.

Ordinatere inajuaje?

Wengi wanafikiri kwamba ndani ya kila freni kuna kipimo cha joto. Katika magari mengi hakuna. Ordinatere ya ABS inafanya hesabu: gari linakimbia kiasi gani, freni imekanyagwa mara ngapi, kwa nguvu gani, na imepata dakika ngapi za kupoa. Hesabu ikipita mpaka uliowekwa na mtengenezaji, ordinatere inawasha taa na kuhifadhi kode.

Jambo hilo linaeleza kisa kinachowashangaza mashofa wa magari ya 4x4 wakati wa mvua. Gari limezama katika matope, halikimbii, lakini tablo inasema freni zina moto. Si uongo. Mfumo unaozuia gurudumu kuzunguka bure unatumia freni: unabana gurudumu linaloteleza ili nguvu iende kwa lile linaloshika udongo. Shofa akiendelea kukanyaga mafuta kwa dakika nyingi, freni zinafanya kazi bila kupumzika. Katika baadhi ya magari, zikiwemo Toyota kadhaa, kengele inalia na mfumo huo unajizima wenyewe mpaka freni zipoe. Dawa yake ni kusimama na kungoja, kisha kutafuta mawe, matawi na chepeo. Kubadilisha kipande chochote hapo ni kutupa pesa.

Kusoma kode

Katika magari madogo, kode inaanza na herufi. P ni ya motere na giabokisi, C ni ya chasi, yaani freni, usukani na vinavyobeba gari, B ni ya bodi, U ni ya mawasiliano kati ya ordinatere za gari. Namba ya kwanza ikiwa 0, kode ni ya wote: P0217, kwa mfano, inasema motere ina joto kupita kiasi katika gari lolote. Ikiwa 1, kode ni ya mtengenezaji, na maana yake inaweza kubadilika kutoka aina moja ya gari hadi nyingine. Kode nyingi za joto la freni ziko katika kundi hili la pili. Kwa hiyo fundi anayetafuta maana ya kode ya gari moja katika orodha ya gari jingine anaweza kutengeneza kitu kisichokuwa na kosa.

Malori makubwa mengi yana lugha nyingine, inayoitwa J1939. Pale kuna namba mbili. SPN inasema ni kipande gani, FMI inasema ni kosa la namna gani. Namba hii ya pili ndiyo inayoweza kuokoa mtu. FMI 0, 15 au 16 inasema kwamba kipimo ni cha kweli na kimepita kiwango: 15 ni onyo la mwanzo, 16 ni la kati, 0 ni hatari kubwa. FMI 3, 4 au 5 inaelekeza kwa umeme: waya umekatika au umegusana, au kaptere, chombo kinachopima, imeharibika. Taa ni ile ile, lakini katika hali ya kwanza freni zinaungua, na katika ya pili pengine ni waya uliochubuliwa na jiwe.

Fundi mwangalifu anauliza pia kama kode iko hai sasa au imebaki katika kumbukumbu tu. Valizi nyingi zinaonyesha hali ya gari wakati kosa lilipoandikwa, kama vile mwendo wake. Kode iliyoandikwa gari likiwa mlimani inaeleza jambo tofauti na ile iliyoandikwa kwenye barabara ya tambarare ya Sange. Freni zikipata moto mahali pa tambarare, mara nyingi kuna kitu kinachobana bila kuachilia: pistoni iliyoshika kutu, freni ya mkono isiyorudi, au freni ya gurudumu moja iliyokazwa kuliko nyingine.

Kode imefutwa, kosa limebaki

Kufuta kode kunachukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Taa inazimika, mteja anafurahi, gari linaondoka. Lakini valizi haikukaza freni, haikubadilisha plaketi, haikutoa maji katika mafuta. Wako pia wanaofunika taa kwa kipande cha plastiki au kuondoa ampuli yake ili gari liuzike. Gari hilo linapofika mlimani, shofa mpya anabaki na pua yake peke yake.

Katika malori yenye freni za hewa kuna hatari nyingine inayojificha. Kama freni za magurudumu mawili zimeregea, hazifanyi kazi yoyote, na zile zilizokazwa vizuri zinabeba sehemu ya wenzake. Ndizo zitakazoungua za kwanza. Fundi akibadilisha zilizoungua bila kurekebisha zilizoregea, kode itarudi katika safari inayofuata.

Nini kifanyike mlimani

Kazi ya kuzuia freni zisipate moto inaanza juu, kabla ya kushuka. Mafundi na mashofa wa zamani wana kanuni: vitesi unayotumia kupanda mlima ndiyo ya kushukia, na kama mzigo ni mkubwa, chukua ya chini zaidi. Motere ndiyo inashika gari, pamoja na freni ya motere kama lori linayo. Pedali inakanyagwa kwa nguvu ya kutosha mpaka mwendo upungue kama kilomita 8 au 10 kwa saa, kisha inaachiliwa kabisa ili hewa ipoze chuma. Kuweka mguu juu ya pedali muda wote, hata kidogo tu, kunapasha moto bila kupumzisha.

Taa ikiwaka, au pedali ikianza kuwa laini, au moshi ukitoka kwenye gurudumu, shofa apunguze mwendo mara moja, ashuke vitesi moja moja, na asimame mahali pa kwanza palipo salama na tambarare. Magurudumu yawekewe mawe makubwa, kwa sababu freni ya mkono inayobana diski yenye moto inaweza kuachilia wakati chuma kinapopoa. Waliokaa juu ya mzigo washuke na kusimama mbali na magurudumu, maana mpira uliopata moto unaweza kupasuka.

Kuna kosa linalofanyika kwa nia njema: kumwaga maji. Chuma chenye moto mkali kikipata maji baridi kinaweza kupasuka au kupinda. Hewa peke yake inatosha, ingawa inaomba nusu saa au zaidi. Kwa shofa ambaye mwenye mzigo anampigia simu kila mara kumuuliza amefika wapi, nusu saa hiyo ni ndefu.

Pale Kamanyola, mteremko unapokwisha na bonde la Ruzizi linafunguka, kuna jambo ambalo halihitaji valizi. Shofa azunguke gari, apitishe mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Yote yakiwa na joto sawa, mlima ndio uliyapasha. Moja likiwa na moto kuliko mengine, au moja likiwa baridi kabisa, fundi aanzie hapo kabla ya gari kupanda tena Bukavu.